Jina la Seremala Bisimwa

Zamani mgeni alipofika kwa watu hakuulizwa anakaa wapi. Aliulizwa ni mtoto wa nani, na huyo nani ni mtoto wa nani, wakapanda hivyo hivyo mpaka akapatikana marehemu mmoja anayejulikana pande zote mbili, na hapo ndipo kiti kilipoletwa. Siku hizi mtu anaulizwa postikodi. Emérence alikaa London miaka minne kabla hajatokea mtu wa kumwuliza baba yake alikuwa nani, na aliyemwuliza hakuwa Mkongomani wala Mwafrika. Alikuwa Mswidi wa miaka themanini na sita, ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja mbele, akisubiri kuvishwa soksi.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwaka 2001, katika nyumba ya kutunzia wazee kule Lewisham, ambako Emérence aliwaogesha, kuwavisha na kuwalisha watu waliokuwa na watoto wazima wenye magari. Mzee huyo alikuwa na wiki moja tu hapo. Aliitwa Torsten Rask. Alikuwa baharia wa meli za kubeba mbao, akashuka bandarini London baada ya vita vya Hitla, akaoa hapa, akazika mke hapa. Aliweka miwani puani, akasoma kibandiko kifuani mwa Emérence.

"Balagizi," alisema. "Ni jina la baba yako?"

"La mume wangu."

"Na baba yako aliitwaje?"

Emérence alibaki ameishika soksi mkononi. "Bisimwa," alisema. "Seremala."

"Basi wewe ni binti Bisimwa," mzee alisema, kama jambo lililokwisha, akausukuma mguu mbele zaidi. "Soksi, binti Bisimwa. Baridi."

Emérence alimvisha soksi, akaenda chumba cha mashuka, akasimama humo kwa muda.

Huko kwao, milimani juu ya Bukavu, mtoto hakupewa jina la baba yake kama anayerithishwa koti. Kila aliyezaliwa alipewa jina lake mwenyewe, na ndugu watano wa tumbo moja wangeweza kuwa na majina matano, na hakuna aliyepotea. Lakini binti aliitwa pia kwa baba yake. Yeye alikuwa M'Bisimwa, yaani binti Bisimwa. Alipoolewa alihamia nyumba ya mume, akalima shamba la mume, akamzalia mume, lakini kwa watu aliendelea kuwa M'Bisimwa, na angezikwa hivyo. Mumewe yeye alimwita Baba Exaucé. Jina lake hasa, Balagizi, hakulitamka mbele ya watu labda mara mbili maishani.

Bisimwa hakuzaa mwana wa kiume. Alizaa mabinti wawili, mmoja akafa kwa surua. Kwa hiyo jina lake lilibebwa na mtu mmoja tu duniani.

Na mtu huyo alilitupa, kwa mkono wake, mchana mmoja wa mwaka 1997. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, vita vilipoingia Bukavu. Yeye alifika London na watoto wawili: Exaucé Murhula, miaka kumi na saba, na Reine Nabintu, miaka tisa. Kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi mwanamke mmoja wa Goma alizichungulia karatasi zake, akatingisha kichwa.

"Maman, watu watatu, majina matatu? Watasema hawa si watoto wako. Watakunyang'anya."

"Ni watoto wangu. Waangalie tu masikio."

"Hapa hawaangalii masikio. Wanaangalia karatasi. Andika jina moja kwa wote, la baba yao. Njo vile wazungu wanaelewa."

Basi akaandika Balagizi mara tatu. Karani akagonga mhuri, akatabasamu, mambo yakaenda. Tangu siku ile jina la marehemu mumewe liliitwa ovyo kwenye korido mara ishirini kwa siku: Balagizi, chumba cha sita; Balagizi, kitanda kimelowa. Na tangu siku ile Emérence aliishi na hofu moja, kwamba aliidanganya serikali, na kwamba siku atakapomwambia mtu wa ofisi jina lake la kweli, watafungua faili, wataona uongo, watawarudisha wote watatu. Hakumwuliza wakili wala mchungaji. Watu wengi wazima wamezeeka na hofu kama hiyo, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuwaambia kwamba mlango haujafungwa.

Ndiyo maana Mswidi alipomwita binti Bisimwa aliogopa kwanza. Furaha ilikuja baadaye, taratibu.

Waswidi hakuwa mgeni nao. Baba yake alikuwa seremala wa misheni yao kule milimani; milango yote ya hospitali ya misheni aliitengeneza yeye, na kila ubao aliupima mara tatu kabla ya kukata. Siku moja, akimkata Papa Rask kucha, alimsimulia habari ya ndoa.

"Pale misheni tulikuwa na mchungaji, Lindström. Na nesi, Lindkvist. Halafu mwaka 1971 akaja mwalimu kijana, Lindberg. Tukasema, vizuri, ukoo mmoja umetuletea watu watatu. Tuliwaita akina Lind."

Mzee alikuwa ameanza kutikisika mabega.

"Ngoja, Papa Rask, nitakukata kidole. Halafu Lindberg akataka kumwoa binti wa Lindström."

"Aa," mzee alisema.

"Kijiji kizima hakikulala. Ukoo mmoja kuoana! Kwetu hiyo ni balaa, mvua inakataa. Wazee wakamtuma baba yangu, kwa sababu yeye alizoea kuingia nyumbani kwa mchungaji. Akavaa koti, akaenda. Akasema, Mchungaji, tunakupenda, umetujengea hospitali, lakini jambo hili la binti yako na kaka yake hatuwezi kulinyamazia."

"Lindström akasemaje?"

"Akasema si ukoo, ni jina tu, lind ni mti wa kwao. Baba akamwambia, sawa, hata sisi koo zetu zina wanyama, nyie mna mti, basi ndio mbaya zaidi, mmekiri wenyewe."

Papa Rask alicheka mpaka akakohoa, na Emérence akalazimika kumpa maji.

"Wakaoana?"

"Wakaoana. Wote tulikwenda, tukala. Lakini bibi zetu walimngoja mtoto wa kwanza wamhesabu vidole. Alipotoka mnene, na kila kitu mahali pake, wakasema Mungu wa Waswidi ana huruma sana."

Ndipo mzee akamwomba amletee bahasha ya kahawia iliyokuwa kabatini. Ndani mlikuwa na nakala za daftari la kanisa la parokia yao, kwa maana zamani kule Uswidi mchungaji alizunguka shamba kwa shamba kuwapima watu kama wanajua kusoma na katekisimu, na kila mtu wa kila nyumba akaandikwa. Kazi ya mkono, wino uliokolea, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi. Nani leo anaandika hivyo? Mtu anabonyeza vitufe, kesho mashine imekufa na majina ndani yake.

"Huyu ni Per," mzee alisema, kidole juu ya mstari. "Baba wa babu yangu. Hawa ni watoto wake. Soma majina ya mwisho."

Emérence alisoma. Anders Persson. Nils Rask. Jonas Lindberg. Brita Persdotter.

"Baba mmoja?"

"Mama mmoja. Persson ni mwana wa Per. Persdotter ni binti Per. Zamani wote tulikuwa hivyo, kila kizazi na jina la baba yake, likifika kwa mjukuu limebadilika. Brita aliolewa, akazaa tisa, akafa, na kaburini imeandikwa Brita Persdotter. Kama wewe."

"Na huyu Rask alipata wapi hilo?"

"Nils ni babu yangu. Aliingia jeshini, na kikosini walikuwa na akina Nils Persson watano. Kapteni akiita mmoja, wanatoka mstarini watano. Basi akawagawia majina mafupi ya kijeshi. Babu akapewa Rask, maana yake mwepesi, hodari."

"Alikuwa mwepesi?"

"Mama yangu alisema alikuwa mnene, alichelewa hata ibadani. Lakini kila askari alipewa kibanda cha jeshi cha kukaa, na aliyekaa katika cha babu kabla yake aliitwa Rask, basi naye akawa Rask. Hawakuwa ndugu. Mimi, binti Bisimwa, nimebeba jina la kibanda."

"Na Lindberg?"

"Jonas alikwenda mjini kushona viatu. Watu wa mjini hawakutaka kunuka shamba, wakajiokotea majina mazuri: mti, mlima, kijito, wakaunganisha mawili. Mti wa lind na mlima, Lindberg. Jirani yake akachukua mti na kijito, Lindström. Walichagua kama unavyochagua kitambaa. Mwambie baba yako, huko aliko, kwamba ndoa ile ilikuwa halali."

Emérence alizipanga zile karatasi kwa uangalifu. Ndugu wanne, majina manne, na hakuna ofisi iliyowanyang'anya mama yao. "Ikaishaje?" aliuliza. "Mbona sasa hamfanyi hivyo?"

"Serikali. Mwaka 1901 wakaamuru kila familia ikamate jina moja isiliachie. Anders alikuwa Persson siku ile, basi watoto wake wote wakabaki Persson, hata mabinti. Mpaka leo kwetu kuna wanawake wengi, wanapaka rangi mdomoni, wana watoto, na wanaitwa mwana wa kiume wa Per, ambaye hawamjui."

Serikali zote ni hivyo. Hazipendi jina linalotembea, kwa sababu lenye kutembea ni gumu kutoza kodi na gumu kuandikisha jeshini. Walichofanyiwa wakulima wa Uswidi kwa amri ya mfalme, Emérence alifanyiwa kwa ushauri wa foleni.

Tangu hapo Papa Rask hakumwita vingine. Wafanyakazi wenzake walidhani ni jina la utani la Kiswidi. Miaka mitatu ilipita hivyo, kila asubuhi mara moja jina la seremala likitamkwa Lewisham, na Emérence akaona kwamba mzee huyo akifa, litakuwa limetamkwa kwa mara ya mwisho.

Mwaka 2004, mwezi wa tatu, Exaucé akapata mtoto wa kike. Exaucé alikuwa dereva wa basi, kijana mwema, mwenye haraka. Mkewe Maureen alikuwa nesi, Mkenya wa Kakamega. Mtoto akaitwa Zipporah, jina la bibi yake Maureen aliyekuwa amefariki, kwa sababu Maureen alisema kwao mtoto hulia mpaka apate jina la mtu wake, na huyu alinyamaza lilipotajwa hilo. Angalau upande mmoja ulikuwa umekumbuka. Kilichobaki ni jina la mwisho, na sheria ya hapa inatoa wiki sita mtoto awe ameandikishwa.

Jumapili ya kwanza, nyumbani kwao Thamesmead, Emérence alimpakata mtoto, akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa jina la baba yake liwemo.

Exaucé alijibu kwa Kiingereza, kama walivyozoea watoto wetu wakiona mazungumzo yanaelekea kubaya. "Mama, jina lipo. Balagizi. Lipo kwenye pasipoti, kwenye leseni, kwenye mkataba wa nyumba. Wewe mwenyewe ndiye uliyetupatia."

"Mlikuwa wadogo. Niliogopa."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliingia ofisi ile naitwa Murhula, nikatoka naitwa kitu kingine. Hakuna aliyeniuliza. Sasa nimelizoea, ndipo unataka tuanze upya?"

Maureen alimkanyaga mguu chini ya meza. Emérence alimrudisha mtoto, akavaa koti, akapanda basi kurudi kwake, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba kijana amesema kweli.

Kesho yake Papa Rask alimtazama usoni. "Nani amekufa?"

Akamweleza yote, hata ile hofu ya faili ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mzee alisikiliza huku uji ukipoa.

"Umewahi kuuliza kama ni kosa?"

"Kumwuliza nani?"

"Mtu yeyote. Miaka saba, binti Bisimwa."

"Wakimbizi hawaulizi, Papa Rask. Anayeuliza anaonekana."

Mzee aligeukia dirishani. Halafu akasema kwamba kule Uswidi, miaka ya themanini, serikali ilibadili mawazo, ikaruhusu anayetaka arudie desturi ya zamani. Mjukuu wa dada yake, msichana wa kusoma chuo kikuu, aliliacha jina la familia akajiandikisha kwa jina la baba yake na neno binti. "Wanaochukua wanaweza kurudisha," alisema. "Lakini hawakuletei nyumbani. Lazima uende dirishani ukaombe."

Binti wa mzee, Lydia, mwanamke wa miaka hamsini aliyekuja kila Jumatano na biskuti, alipewa kazi ya kuuliza. Alipiga simu ofisi ya halmashauri, akakaa kwenye simu nusu saa akisikilizishwa muziki, akarudi na jibu kwenye kipande cha karatasi. Wazazi wa mtoto wanaweza kumwandikisha jina lolote la mwisho walitakalo. Na mtu mzima aliyeandikwa jina la mume hajadanganya kitu. Wanawake wa nchi hii wamefanya hivyo tangu zamani. Akitaka lake, anaandika kiapo, anasaini mbele ya shahidi, basi.

"Basi?" Emérence aliuliza.

"Basi," Lydia alisema. "Chukua biskuti."

Miaka saba. Alikula biskuti mbili, kitu ambacho hakukifanya kazini kamwe.

Jioni ile alimpigia Exaucé. Hakumwomba kitu. "Nataka ujue jambo moja tu," alisema. "Ulisema hakuna aliyekuuliza. Ni kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza. Nisamehe. Lakini lile jina la Murhula, unajua ulipewa na nani?"

"Na baba."

"Hapana. Baba yako alikuwa safarini. Babu yako Bisimwa alitembea siku nzima kutoka misheni, akakushika mkononi, akaondoka akazunguka nyumba mara tatu bila kusema. Akarudi, akasema, huyu ni Murhula. Nikamwuliza, Baba, kwa nini umezunguka? Akasema, nilikuwa napima."

Upande wa pili mtoto alisikika akilia mbali.

"Sawa, Mama," Exaucé alisema mwishowe, kwa Kiswahili. "Lala vizuri."

Wiki ya tano akaja kumchukua kwa gari. Walikwenda wote wanne ofisi ya vizazi na vifo, wakakaa kwenye viti vya buluu, Zipporah mapajani kwa bibi yake. Njiani hakuna aliyelitaja jina, na Emérence hakuuliza. Alikuwa amejiambia kwamba akisikia Balagizi atatabasamu, kwa sababu Balagizi pia alikuwa mtu mwema.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Aliandika tarehe, mahali, jina la kwanza. Halafu akauliza la mwisho.

"M'Bisimwa," Exaucé alisema. Akamwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama mtu aliyefanya mazoezi.

Maureen aliangua kicheko kidogo. "Na tukipata mvulana? Ataitwa binti Bisimwa?"

"Atavumilia," Emérence alisema. "Uswidi kuna wanawake wamevumilia kinyume chake miaka mia." Na alijua vilevile kwamba kwa haki ya kwao mtoto huyu angekuwa M'Exaucé, kwamba jina lililogandishwa si lile lililokuwa likitembea. Wazee wake wangeguna. Lakini wazee wake hawakuwa na chombo kingine cha kulivusha, na yeye alikuwa nacho hiki.

Karani alilitazama jina, akawatazama wazazi. "Zuri," alisema. "Si kwamba ni lazima kujua, lakini ni la nani katika familia? Kwenye hati zenu silioni."

Exaucé na Maureen walimgeukia yeye, na Emérence akahisi foleni ile ya zamani nyuma ya mgongo wake, na yule mwanamke wa Goma akitingisha kichwa.

"Langu," alisema. "Mimi ni M'Bisimwa. Baba yangu alikuwa seremala."

Hakuna faili lililofunguliwa. Karani alichapa, akaigeuza skrini, akawaambia wasome wahakikishe, kwa maana ikishasainiwa kurekebisha ni usumbufu. Exaucé alisoma mara moja, akashika kalamu.

"Ngoja," mama yake alisema. Akamsogeza mtoto begani, akainamia skrini, akasoma polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Akasoma tena.

"Mama, watu wanasubiri nje."

"Wasubiri, Murhula," alisema, akaanza kusoma mara ya tatu.